Mgongo Usiokoma Kuuma: Namna ya Kuchagua Tiba, Kuijaribu na Kuamua Kuiendeleza au Kuiacha

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye mgongo wake wa chini umeuma kwa zaidi ya miezi 3, amekwisha kuhangaikia tiba tatu au nne, na bado hawezi kusema ni ipi iliyomsaidia. Kosa ninaloliona likirudiwa hapa Mwanza, kuanzia kwa wabeba mizigo wa soko la samaki la Mwaloni hadi kwa makarani wanaoketi kutwa nzima, ni lile lile. Mtu anaanza vidonge Jumatatu, anafunga mkanda Jumatano, anakwenda kuchuliwa Jumamosi, na maumivu yakipungua anaviacha vyote kwa pamoja. Yakirudi baada ya mwezi, anasema hakuna kilichofaa, na huenda kimojawapo kilifaa.

Kosa hilo nililifanya mwenyewe kwa miaka minne, kwa hiyo siliandiki kwa dharau. Dawa yake ni utaratibu: kuondoa hatari kwanza, kupima hali yako kabla ya tiba, kujenga msingi, kisha kujaribu tiba moja moja kwa muda uliowekewa mwisho.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari dogo na kalamu. Simu inafaa, lakini daftari haliishiwi chaji na daktari hulisoma kwa urahisi.
- Bahasha moja yenye vyeti vyote vya zamani: picha za eksirei, majibu ya maabara, barua za rufaa na maboksi matupu ya dawa ulizokwisha kutumia. Boksi tupu linamfaa daktari kuliko kuambiwa "vile vidonge vyekundu".
- Saa ya kupimia dakika.
- Mkeka, blanketi la kukunja, na nafasi ya sakafu inayotosha urefu wa mwili wako.
- Madumu mawili ya lita 10 badala ya moja la lita 20.
- Stuli au benchi imara la kuwekea beseni.
- Kadi ya bima kama unayo, na kiasi cha fedha ambacho umeamua mapema kwamba hutakivuka kwa miezi 3 ijayo.

Hilo la mwisho usilipuuze. Mtu mwenye maumivu hufungua pochi haraka, na wauzaji wa tiba wanalijua jambo hilo kuliko sisi.

## Hatua ya 1: Jikague dalili za hatari

Maumivu mengi ya mgongo wa chini, takriban 9 kati ya kila 10, hayatokani na ugonjwa mmoja unaoweza kuonyeshwa kwa kidole kwenye picha. Yale machache yaliyobaki ndiyo yanayopaswa kukamatwa kwanza, kwa sababu hakuna zoezi linaloponya kifua kikuu cha mifupa wala saratani.

Nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, ukipata ganzi sehemu za siri na kuzunguka njia ya haja kubwa, yaani sehemu zinazogusa tandiko la baiskeli, au mkojo ukigoma, au haja ikikutoka bila kujua, au miguu yote miwili ikilegea. Dalili hizo zinaonyesha kwamba neva za mwisho wa uti wa mgongo zimebanwa, na ucheleweshaji unaweza kukuachia ulemavu wa kudumu wa kutembea na kudhibiti haja. Anayeishi Ukerewe asisubiri kujipanga na safari ya kuvuka kuja mjini. Aanzie hospitali ya Nansio, apimwe, awekewe mpira wa mkojo ikibidi, na rufaa ianze kushughulikiwa akiwa tayari mikononi mwa wahudumu.

Sisi wa pembezoni mwa ziwa tuna sababu moja ya ziada ya kuwa macho. Kichocho, ambacho wengi tunakifahamu kwa tumbo na mkojo wa damu, mara chache huathiri hata uti wa mgongo, na huweza kuanza kwa maumivu ya mgongo yanayofuatwa na udhaifu wa miguu na mkojo kugoma. Kama unavua, unaoga au unafua ziwani, mwambie daktari bila kusubiri akuulize.

Kuna dalili nyingine ambazo hazidai kukimbia usiku, lakini zinadai kuonwa na daktari ndani ya siku chache:

- homa za jioni, jasho la usiku, kikohozi cha muda mrefu au kupungua uzito, ambavyo huashiria kifua kikuu cha pingili;
- homa inayokuja na kuondoka kwa mtu anayekunywa maziwa yasiyochemshwa, anayefuga au anayefanya kazi machinjioni, kwa kuwa bruselosi, ugonjwa unaotoka kwa mifugo, hupenda kukaa kwenye pingili na kiunoni;
- maumivu mapya kabisa kwa mtu aliyevuka miaka 50, au kwa yeyote aliyewahi kuugua saratani;
- maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka, ajali ya bodaboda au kudondokewa na mzigo;
- maumivu ya usiku kucha yasiyopungua kwa mkao wowote;
- kuwa na selimundu, kuishi na virusi vya UKIMWI, au kutumia dawa za steroidi kwa muda mrefu.

Onyo kuhusu figo na UTI. Katika mitaa yetu, mgongo ukiuma hukumu ya kwanza huwa ni figo, ya pili ni UTI, na kwa wanaume huongezwa ya tatu kwamba nguvu zimekwisha. Maumivu ya figo kwa kawaida hukaa juu, chini ya mbavu, upande mmoja, hayabadiliki sana ukiinama au ukijinyoosha, na mara nyingi huja pamoja na homa, kichefuchefu au mabadiliko ya mkojo. Mgongo wa misuli na pingili hubadilika kwa mkao: unakaa vibaya unazidi, unatembea unapungua, au kinyume chake. Kupima mkojo mara moja ni busara. Kumeza antibiotiki kwa mara ya tano bila kipimo ni kujitafutia usugu wa vimelea huku mgongo ukibaki palepale.

*Umefaulu hatua hii* pale mhudumu wa afya anapokuwa amekuuliza na kukukagua dalili hizo moja moja, nawe umeandika kwenye daftari: "Dalili za hatari: hakuna", pamoja na tarehe.

## Hatua ya 2: Ingia kwa daktari ukiwa umejiandaa

Anzia zahanati au kituo cha afya, upate rufaa ya kwenda hospitali ya Sekou Toure au ya Bugando ikihitajika. Kuruka ngazi huongeza gharama na mara nyingi hukurudisha kwenye dirisha la bima ulikotoka.

Andika sentensi tatu kabla ya kuingia: maumivu yalianza lini, yanashuka hadi wapi, na yanakuzuia kufanya nini. Sentensi ya pili ina uzito mkubwa. Maumivu yanayoishia kiunoni au makalioni ni jambo moja; yanayoteremka chini ya goti hadi unyayoni kama waya wa umeme, pamoja na ganzi, ni jambo jingine, kwa sababu hapo huenda neva imebanwa.

Daktari anapaswa kukutazama ukitembea, kukuinua mguu ukiwa umelala, kugonga goti kwa kinyundo na kujaribu nguvu ya kidole gumba cha mguu. Aliyekuandikia dawa bila kukugusa mguu bado hajaupima mgongo wako, na una haki ya kusema kwa adabu, "Samahani daktari, naomba uniangalie na miguu."

Sasa kuhusu MRI, ile picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku. Kipimo hiki ni cha thamani pale ambapo kuna dalili za hatari, au pale ambapo maumivu ya mguu yamedumu na upasuaji unafikiriwa. Kwa mgongo wa kawaida usiokoma, picha mara nyingi huleta hofu kuliko majibu. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yaliwaangalia watu wasio na maumivu yoyote ya mgongo na kukuta kwamba diski (vile vimto laini vilivyo kati ya pingili) zilizochakaa zilionekana kwa 37% ya wenye miaka 20 na 96% ya wenye miaka 80. Diski zilizovimba nje zilikuwa kwa 30% ya vijana hao wa miaka 20. Hao walikuwa watu wazima wa afya, wanaolala usiku na kubeba mizigo yao.

Kwa hiyo ukiambiwa "pingili zimesagika" au "ute umekauka", uliza swali moja: je, kilichoonekana kwenye picha kinalingana na mahali ninapoumwa na kile ulichokikuta uliponigusa? Kama hakilingani, huenda ni mvi tu za mgongo. Nimeona watu wakiogopa karatasi ya majibu kuliko walivyowahi kuogopa maumivu yenyewe, wakaacha kuinama, wakaacha kutembea, na mgongo ukazidi kukakamaa kwa kukosa kazi.

*Umefaulu* ukitoka na jina moja kati ya matatu: mgongo wa kawaida usio na ugonjwa maalumu, neva ya mguu iliyobanwa, au ugonjwa maalumu wenye tiba yake. Kwa jina la tatu, fuata tiba ya hospitali na uuweke mwongozo huu kando. Kwa mawili ya kwanza, endelea.

## Hatua ya 3: Jipime kwa siku 14 kabla ya tiba mpya

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, na ndiyo inayofanya mengine yote yasieleweke. Bila kujua ulikoanzia, utajuaje kwamba umesogea?

Kila jioni, mara moja tu, andika mambo matatu: maumivu ya siku hiyo kwa alama 0 hadi 10, saa ulizolala, na kiasi ulichoweza katika kazi mbili ulizozichagua mwenyewe. Kazi hizo ziwe zinazokuuma moyoni kuzikosa na zinazohesabika. Mama anayeanika dagaa Kirumba anaweza kuandika dakika alizoinama kabla ya kulazimika kusimama. Dereva wa bodaboda aandike safari. Mwalimu aandike vipindi alivyofundisha akiwa amesimama.

Kazi ina maana kuliko alama ya maumivu kwa sababu maumivu ya muda mrefu hupanda na kushuka kwa uchovu, usingizi, msiba, na hata deni. Tiba inaweza kukurudishia kazi nusu siku nzima ilhali alama imeshuka kidogo tu, na mtu anayetazama alama peke yake ataitupa tiba hiyo.

Onyo: usijipime kila saa. Kuuchungulia mgongo mchana kutwa huufundisha mwili kuusikiliza zaidi. Na katika siku hizi 14 usianze kitu kipya. Dawa ulizoandikiwa na daktari endelea nazo kama zilivyo.

*Umefaulu* ukiwa na wastani, kwa mfano: maumivu 6, usingizi saa 5, kuinama dakika 8. Uzungushie duara.

## Hatua ya 4: Jenga msingi kwa kutembea na mazoezi

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini unaweka mafunzo kwa mgonjwa na mazoezi miongoni mwa tiba zinazopendekezwa. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2024 uliwachukua watu waliokuwa wamepona karibuni na kuwapa programu ya kutembea pamoja na ushauri. Nusu yao walikaa angalau siku 208 kabla ya mgongo kurudi, ikilinganishwa na siku 112 kwa wasiopewa. Ni tiba isiyo na risiti, na nadhani ndiyo sababu haina wa kuitangaza.

Tafuta kiwango cha kuanzia. Kwa siku tatu, tembea kwenye njia tambarare hadi mgongo uanze kulalamika, na uandike dakika. Tuseme umepata 12, 18 na 9. Wastani ni 13. Ondoa sehemu moja ya tano, utapata karibu dakika 10. Hizo ndizo zako kila siku kwa wiki ya kwanza, mgongo uwe mzuri au mbaya. Ongeza dakika 2 kila wiki, na wiki ya 11 utakuwa umefika 30.

Sababu ya kuanzia chini ni kwamba wengi wetu huishi kwa mtindo wa karamu na njaa. Siku ya nafuu tunafua nguo za wiki nzima, tunadeki na kupanga stoo, kisha tunalala siku tatu. Baada ya miezi kadhaa mwili unajifunza kwamba kila kazi huishia kitandani. Kwa hiyo kazi kubwa ya wiki za mwanzo ni kujizuia siku nzuri, na hilo ni gumu kuliko kujilazimisha siku mbaya.

Mwanza ni mji wa mawe na vilima. Anayeishi juu Igogo au Mabatini asihesabu ngazi za kupanda nyumbani kama matembezi ya wiki ya kwanza. Ashuke, atembee barabara ya chini, na ngazi azihesabu kama kazi nyingine.

Mazoezi manne, mara moja kwa siku.

*Paka.* Piga magoti na viganja kwenye mkeka kama mtu anayedeki kwa tambara. Pandisha mgongo juu kama paka aliyekasirika, kisha uushushe taratibu. Mara 8. Hili ni la kulainisha tu, usilisukume.

*Kuinua nyonga.* Lala chali, magoti yakiwa yamekunjwa na nyayo zikikanyaga mkeka. Inua makalio hadi kifua, nyonga na magoti viwe mstari mmoja, hesabu hadi 5, shusha. Mara 8 hadi 10.

*Mkono na mguu.* Rudi kwenye mkao wa kudeki, weka blanketi lililokunjwa chini ya magoti yakiuma. Nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma kwa pamoja, hesabu hadi 5, badilisha upande. Kiuno kisiyumbe, kama kinayumba, anza na mguu peke yake.

*Kukaa na kuinuka.* Kaa kwenye stuli, simama bila kujishika, kaa tena polepole. Mara 10. Zoezi hili linafundisha mapaja kubeba kazi ambayo mgongo umekuwa ukiibeba peke yake.

Kanuni ya maumivu. Maumivu yakipanda kwa alama 1 au 2 wakati wa zoezi na kurudi yalipokuwa kesho asubuhi, hujaumia, endelea. Yakibaki juu zaidi ya saa 24, punguza idadi kwa theluthi moja bila kuacha. Yakianza kuteremka zaidi mguuni, au ganzi au udhaifu ukiongezeka, simamisha zoezi hilo na urudi kwa daktari.

Ukiweza kumwona mtaalamu wa fiziotherapia angalau mara mbili, fanya hivyo: mara ya kwanza akurekebishe mkao, ya pili baada ya wiki 4 akuongezee uzito wa kazi. Anayekulaza chini ya taa ya joto kila siku bila kukufundisha la kufanya nyumbani anakupa nafuu ya jioni moja.

*Umefaulu* ukimaliza wiki 6 ukiwa umekosa siku zisizozidi 6, hata kama maumivu hayajashuka. Mabadiliko yanaweza kuchelewa hadi kati ya wiki ya 6 na ya 12, ambako wengi wanakuwa wamekwisha kuacha.

## Hatua ya 5: Rekebisha kazi badala ya kuiacha

Kulala kitandani kwa siku nyingi hudhoofisha misuli na kuchelewesha nafuu. Vilevile, mbeba mizigo wa Mwaloni akiambiwa "pumzika miezi mitatu", atakula nini? Kwa hiyo rekebisha.

Dumu la lita 20 likijaa lina kilo 20, na likibebwa mkono mmoja huvuta kiuno upande. Gawa kwa madumu mawili ya lita 10, kila mkono moja. Beseni la nguo liweke juu ya benchi. Jiko la mama ntilie likiinuliwa kwa matofali hadi usawa wa kiuno, kazi ya kuinama mamia ya mara kwa siku inapungua bila dawa yoyote.

Kwa wanaoanika dagaa, kichanja cha juu kina faida mbili: dagaa hazichanganyiki na mchanga, na mwanikaji hakunji mgongo kutwa. Bei ya mbao na nyavu za kichanja ni mjadala wa kweli nyumbani, najua. Anza na kimoja kwa ajili ya zamu za mchana, ambapo mgongo umechoka zaidi.

Unapoinua mzigo, ukaribie kabla ya kuinama, ushike ukiwa umegusana na tumbo, na geuka kwa nyayo badala ya kusokota kiuno. Dereva wa bodaboda ashuke kila baada ya saa moja, atembee dakika mbili. Kuhusu kitanda, wengi wameshauriwa kulala sakafuni. Utafiti uliofanyika Hispania mwaka 2003 ulionyesha kwamba godoro la ugumu wa kati liliwasaidia wenye maumivu sugu kuliko lile gumu sana. Rudi kitandani.

## Hatua ya 6: Jaribu tiba za nyongeza, moja baada ya nyingine

Sasa ndipo unaruhusiwa kuongeza kitu. Chagua kimoja, andika tarehe ya kuanza, tarehe ya hukumu wiki 4 hadi 6 mbele, na fedha utakayotumia. Kabla ya kulipa, muulize anayekupa: inatarajiwa kunisaidia nini hasa, baada ya muda gani nitajua, ina madhara gani, na tutafanya nini isipofaa? Anayejibu "hii haijawahi kushindwa" amekwisha kukupa jibu la kuondoka.

Vidonge na sindano. Ibuprofeni, diklofenaki na meloksikamu ni ndugu wa ukoo mmoja. Kuchanganya wawili huongeza madhara bila kuongeza nafuu. Zinaweza kusaidia kwa siku chache mgongo unapochafuka. Zikitumika kwa miezi huleta vidonda vya tumbo, hupandisha shinikizo la damu na kuumiza figo. Nilijifunza hayo kwa kutapika damu baada ya kujinunulia diklofenaki dukani kwa miezi, na kila niliporudi nilipewa bila kuulizwa neno. Mwenye vidonda, ugonjwa wa figo au moyo, mjamzito, na anayetumia dawa za kufubaza virusi zenye tenofoviri asizitumie bila daktari kujua.

Parasetamoli ni salama zaidi kwa tumbo, ila kwa mgongo nafuu yake ni ndogo. Tramadoli na jamii yake hazipendekezwi kwa maumivu sugu ya mgongo, kwa kuwa hatari yake, ukiwemo uraibu, huzidi faida. Pregabalini, ambayo wengi huandikiwa kama "dawa ya mishipa", ilijaribiwa kwa maumivu ya neva ya mguu katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017 na haikuzidi kidonge kisicho na dawa, huku kizunguzungu kikiongezeka. Sindano za vitamini B humsaidia mwenye upungufu wa vitamini hiyo.

Kuchuliwa na kukandwa. Hulegeza misuli na kuleta nafuu ya muda mfupi, na hakuna ubaya ukiitumia ili uweze kufanya mazoezi. Usiruhusu mtu kukukanyaga mgongo au kukuvunja kiuno kwa nguvu, hasa kama una umri mkubwa, ganzi mguuni, au hatua ya 1 hujaimaliza.

Mkanda na kuvutwa kwa uzito. Mwongozo ule wa Shirika la Afya Duniani wa 2023 unashauri visitumike kama tiba ya kawaida ya maumivu haya. Mkanda wangu umebaki kufungia mabegi safarini.

Kuumikwa, chale na dawa za miti. Tatizo la kwanza ni wembe na pembe zinazopita kwa watu wengi, kwa maana ya UKIMWI na homa ya ini. La pili ni vile vichupa visivyo na lebo vinavyoondoa maumivu kwa usiku mmoja. Nafuu ya ajabu namna hiyo mara nyingine hutokana na steroidi kama deksamethasoni au prednisoloni iliyochanganywa ndani kwa siri, ambayo hunenepesha uso, hupandisha sukari na hudhoofisha mifupa, na kuiacha ghafla ni hatari. Kama umetumia kwa wiki kadhaa, mweleze daktari kabla ya kusitisha.

Virutubisho vya kurudisha ute. Ute wa diski haurudishwi kwa kunywa unga wa kopo. Nikiulizwa na ndugu yangu, ningemwambia fedha hiyo anunue godoro.

Usingizi na moyo. Mwenye maumivu sugu anayelala saa 4, mwenye hofu au sonona, hapati nafuu kamili kwa tiba ya mwili peke yake. Kuzungumza na mshauri nasaha au kitengo cha afya ya akili ni tiba yenye ushahidi, na haimaanishi kwamba maumivu yako ni ya kujitungia.

*Umefaulu* tarehe ya hukumu ikifika, ukalinganisha na ile duara ya hatua ya 3. Alama 2 chini, au kazi kuongezeka kwa theluthi moja, ni nafuu ya kweli: endelea nayo. Chini ya hapo, iache bila huruma kisha ujaribu nyingine.

## Hatua ya 7: Ukifikia mjadala wa upasuaji

Upasuaji wa haraka ni wa zile dalili za kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo na wa udhaifu wa mguu unaozidi. Nje ya hapo, unazungumzwa zaidi kwa maumivu ya neva ya mguu yaliyodumu zaidi ya wiki 6 hadi 12, yakiwa na picha inayolingana.

Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2007 uliwagawa wagonjwa 283 wa aina hiyo, wengine wakapasuliwa mapema, wengine wakasubiri kwa tiba ya kawaida. Waliopasuliwa walipata nafuu haraka zaidi. Baada ya mwaka mmoja, 95% ya kila kundi walikuwa wamepona, ingawa karibu 4 kati ya 10 wa kundi la kusubiri hatimaye walipasuliwa. Kwa hiyo swali lako ni la riziki na uvumilivu: je, unaweza kustahimili miezi michache zaidi, au kazi yako haikuruhusu?

Kwa mgongo unaouma bila mguu, kuunganisha pingili kwa vyuma hakujaonyesha ubora ulio wazi kuliko programu nzito ya mazoezi na mafunzo. Ukishauriwa hivyo, omba maoni ya daktari wa pili, Bugando au Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), ukiwa na bahasha yako. Uliza amewafanyia wangapi wa aina yako, utarudi kazini lini, na nani atakufuatilia ukisharudi Sengerema au Magu. Anayevuta sigara aache kwanza, kwa sababu mifupa yake huungana kwa shida.

## Hatua ya 8: Mpango wa siku mgongo unapochafuka

Siku hiyo itakuja hata ukifuata yote. Iandikie mpango ukiwa mzima, kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari.

Siku ya kwanza, kagua tena dalili za hatari za hatua ya 1. Kama hakuna, tumia joto la kitambaa cha maji moto kwa dakika 15 hadi 20, lala chali ukiwa umeegemeza miguu juu ya stuli, na kila saa ya mchana simama utembee dakika chache hata ndani ya nyumba. Dawa ya maumivu, kama daktari alikuruhusu, imeze kwa saa zake kwa siku 3 hadi 5, usisubiri hadi ushindwe. Waambie wa nyumbani nani atachota maji na nani atainua beseni wiki hiyo.

Siku ya pili rudia zoezi la paka na kuinua nyonga, nusu ya idadi. Siku ya nne au ya tano anza tena kutembea, kwa dakika ulizokuwa nazo wiki mbili zilizopita, na upande tena kwa dakika 2 kila wiki. Usianze tiba mpya yoyote katika siku hizi, maana chochote utakachomeza wakati huo kitapewa sifa ya nafuu ambayo ingekuja yenyewe. Zikipita wiki 2 bila kurudi karibu na wastani wako, chukua daftari na bahasha, urudi kwa daktari wa hatua ya 2.